Baiti 56 za akiba ndani ya chipu ya saa

Swali: Ninahudumia mzani wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, unaoendeshwa na kompyuta ndogo ya Linux yenye chipu ya saa DS1307. Umeme ukikatika, namba ya stakabadhi ya mwisho hupotea, hivyo nimeandika draiva (programu inayoiwezesha Linux kuongea na chipu) inayoihifadhi katika rejista za akiba (visehemu vya kumbukumbu vya baiti moja moja) za chipu hiyo. Tatizo ni kwamba mara nyingine saa husimama. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu fundi, nashuku draiva yako inaanza kuandika kwenye rejista sifuri. DS1307 ina rejista 64: nane za mwanzo, 0x00 hadi 0x07 (0x huashiria namba za mfumo wa kumi na sita), ni za saa na udhibiti wake, na RAM ya akiba ni 0x08 hadi 0x3F, yaani baiti 56. Biti ya 7 ya rejista 0x00, ambayo thamani yake ni 128, ndiyo inayosimamisha saa ikiwekwa 1. Kwa hiyo baiti yako ya kwanza ikiwa chini ya 128 huharibu sekunde tu, jambo ambalo ni rahisi kutolitambua, lakini ikifika 128 saa husimama papo hapo.

Tumia nvmem, mfumo wa kerneli (kiini cha Linux) wa kushughulikia kumbukumbu zisizopotea umeme ukikatika. Jaza nvmem_config kwa size 56, word_size (ukubwa wa neno) na stride (hatua kati ya nafasi) 1, kisha reg_read na reg_write zako ziongeze 8 kwenye nafasi iliyoombwa kabla ya kuigusa chipu, na mwisho uisajili kwa devm_rtc_nvmem_register. Usiweke 64, kwani uandishi wa mfululizo ukipita 0x3F hurudi 0x00, na utaiharibu tena saa ileile.

Kusema kweli, draiva ya rtc-ds1307 iliyomo ndani ya Linux hufanya haya yote tayari, nami nisingeandika nyingine. Ukiiwasha, utakuta faili liitwalo nvmem katika saraka ya ds1307_nvram0 chini ya /sys/bus/nvmem/devices, ambalo programu yako, ikiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), italisoma na kuliandika kama faili lolote.

Kuna jambo moja ambalo draiva haikulindi nalo. Umeme unaposhuka chini ya mara 1.25 ya volti ya betri ya akiba ya chipu, chipu hukatiza mawasiliano hata kama uandishi haujaisha. Gawa zile baiti 56 katika vyumba viwili, uandike kwa zamu, kila kimoja kikiwa na namba ya mfuatano na jumla ya uhakiki (checksum, namba inayokokotolewa kutoka data ili kugundua kasoro). Mzani ukiwaka, programu ichukue kile kipya zaidi ambacho hesabu yake inakubali. Hesabu hiyohiyo itakuonyesha kwamba yaliyomo si ya kuaminika siku utakapobadilisha betri mzani ukiwa umezimwa.