Maswali ya Wasomaji: Timu Ikiyumba, Shabiki Ashike Lipi?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kwa safu hii ya michezo zimetoka kwa mashabiki ambao timu zao zinaelekea kumaliza msimu vibaya. Tumechagua tatu. Majina ya waandishi tumeyaondoa, na tumeondoa pia jina la klabu inayolalamikiwa katika barua ya kwanza, kwa kuwa uongozi wake haukupata nafasi ya kujieleza, na kwa kuwa malalamiko ya aina hii yanasikika katika klabu zaidi ya moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Masindi. Mimi ni fundi cherehani, na tangu utoto wangu ni shabiki wa klabu moja kongwe ya Kampala, ambayo marehemu baba yangu alikuwa akifuatilia mechi zake redioni. Msimu huu tumefungwa nyumbani na timu ambazo zamani zilikuja kwetu kutafuta sare tu. Kocha amefukuzwa katikati ya msimu, tunasikia kwamba wachezaji wanadai mishahara, na viongozi hawatuambii neno lolote. Mimi hufunga duka Jumamosi, siku ambayo wateja ni wengi, nikasafiri zaidi ya kilomita 200, kisha nikakaa jukwaani kutazama vijana wanaocheza kama vile hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Wenzangu wanataka tususie uwanja mpaka viongozi waondoke. Je, shabiki anayesusia amekosea? Na tuna haki gani hasa juu ya klabu tusiyoimiliki?
Shabiki, Masindi

JIBU: Ndugu yangu wa Masindi, naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu la kususia linategemea hilo.

Klabu za Ligi Kuu yetu hazikujengwa kwa mfumo mmoja. Ziko za taasisi: KCCA ni ya mamlaka ya jiji la Kampala, URA ni ya mamlaka ya mapato, Maroons ni ya magereza, na jeshi na polisi nao wamekuwa na timu zao. Huko anayetoa bajeti ndiye anayeteua uongozi, na shabiki, hata awe amepiga vuvuzela kwa nusu ya maisha yake, hana kura. Iko pia Vipers ya Kitende, ambayo imekuwa juu kwa juhudi na fedha za Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, na ambayo mwaka 2022 iliitoa TP Mazembe kwa penalti ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mfumo huo una faida yake, nao ni kwamba mtu mmoja anaamua na jambo linatendeka. Hata hivyo shabiki wake anategemea moyo wa mtu huyo uendelee kuupenda mpira. Halafu ziko klabu ambazo tangu mwanzo zilisimama kwa watu wa kawaida, wenye maduka, madereva na vibarua wa mjini, na mfano mkubwa ni Express, iliyoanza mwaka 1957, na SC Villa, iliyoanza mwaka 1975 ikiitwa Nakivubo Boys.

Kwa maelezo yako naona klabu yako ni ya kundi hili la tatu. Kwa hiyo haki yako ni kubwa kuliko unavyodhani, ila haitakufikia ukiwa umekaa jukwaani au ukiwa umesusia nyumbani. Inapita katika uanachama. Tazama yaliyowapata Villa. Hii ni timu iliyofika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1991 na fainali ya Kombe la CAF mwaka 1992, na ilipotwaa ubingwa wa 16 wa Uganda mwaka 2004 hakuna aliyefikiri kwamba ungekuwa wa mwisho kwa muda mrefu. Ikapita miaka 20. Watoto waliozaliwa mwaka ule walikua, wakamaliza shule, bila kuiona Villa, Jogoo kama mashabiki wanavyoiita, ikiinua kombe la ligi. Katika miaka hiyo kulikuwa na migogoro ya uongozi, madeni, wachezaji walioondoka, na misimu ambayo mazungumzo ya mitaani yalikuwa kuhusu kushuka daraja. Mwaka 2021 wanachama walipiga kura wakamchagua Omar Mandela kuwa rais wa klabu, na mwaka 2024, chini ya kocha Dušan Stojanović kutoka Serbia, Villa ikatwaa ubingwa wa 17 katika siku ya mwisho kabisa ya msimu.

Sidai kwamba kura peke yake ilileta kombe. Ninachodai ni kwamba hasira ya mashabiki ilipopata mlango wa kupitia, yaani daftari la wanachama, mkutano na sanduku la kura, iliacha kuwa kelele za baada ya mechi ikawa nguvu inayoweza kumwajibisha kiongozi. Ikiwa klabu yako ina katiba, itafuteni, muisome pamoja katika tawi lenu, muone mkutano mkuu unapaswa kuitishwa lini na nani ana haki ya kuuitisha. Ikiwa haina daftari la wanachama linaloeleweka, basi dai lenu la kwanza liwe hilo, kabla hamjadai kichwa cha mtu yeyote. Viongozi wakiondoka leo bila utaratibu, watakaowafuata wataingia bila utaratibu vilevile, na msimu ujao utaniandikia barua hiihii.

Sasa kuhusu kususia. Sioni kosa kwa mtu kubaki nyumbani wiki moja akatunza duka lake na watoto wake. Mapenzi ya mpira hayamlazimishi mtu kulala njaa. Lakini kususia kwa pamoja kama silaha kunamkata asiyehusika. Mapato ya milangoni katika ligi yetu ni madogo, kwa hiyo kiongozi mwenye wadhamini au mwenye fedha zake hatatishwa na viti vitupu, ilhali mchezaji wa miaka 19 ambaye hajalipwa atayaona majukwaa matupu na kuelewa kwamba hata watu wake wamemwacha. Mdhamini naye anahesabu vichwa kabla ya kutia saini. Mkitaka kuonyesha hasira, ingieni uwanjani, mnyamaze dakika kadhaa za mwanzo, muinue bango lenye swali moja lililoandikwa vizuri, kisha muwashangilie vijana mpaka mwisho. Nimeona mashabiki wakifanya hivyo, na nimeona jinsi viongozi waliokaa jukwaa kuu wanavyoshindwa kutazama pembeni.

Jambo moja nalisema kwa uzito: msiwaguse waamuzi, msiingie uwanjani, na msiwasubiri wachezaji langoni kwa matusi. Vurugu za mashabiki zimewahi kuzigharimu klabu zetu faini, kucheza bila watazamaji, na hata pointi. Timu inayopigana isishuke haina pointi ya kupoteza mezani baada ya kuzipoteza nyingine uwanjani.

Kuhusu kocha aliyefukuzwa, sijui kama alistahili, lakini nakushauri uangalie mambo ambayo msimamo wa ligi hauyaonyeshi. Je, mabao mnayofungwa yanaingia dakika za mwisho? Hilo mara nyingi linaeleza pumzi, chakula na mazoezi, na linarudi palepale kwenye mishahara. Je, kuna vijana waliopandishwa kutoka timu ya vijana wanaopewa dakika za kutosha, au benchi limejaa wachezaji wa mkopo ambao watakuwa wameondoka msimu ukiisha? FUFA ilipoanzisha ligi ya vijana ya klabu za Ligi Kuu mwaka 2015, ilizipa klabu njia rahisi zaidi ya kujijenga kuliko usajili wa dirisha la Januari. Klabu inayofungwa huku ikiwa na vijana wanne wa nyumbani uwanjani ina msimu mbaya. Klabu inayofungwa huku ikiwa na wapita njia 11 ina ugonjwa. Ukiona dalili ya kwanza, una sababu ya kungoja. Ukiona ya pili, nenda mkutanoni na swali hilo.

SWALI: Mhariri, sisi watu wa Arua tumezoea uwanja uliojaa. Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu tulikuwa tukienda uwanja wa Green Light saa nyingi kabla ya mechi ili tupate pa kusimama, na timu za Kampala zilikuwa zinaogopa safari ya kuja huku. Tangu tuliposhuka, vijana hapa wananiambia kwamba timu ikishuka ndiyo imekufa. Je, ni kweli?
Mwalimu mstaafu, Arua

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu ninaamini kwamba ligi yetu ilikuwa tajiri zaidi Onduparaka ilipokuwamo, kati ya mwaka 2016 ilipopanda na mwaka 2023 iliposhuka. Wakati ule mtu wa West Nile hakuhitaji kupanda basi la usiku kwenda Kampala ili aione soka ya daraja la juu, na klabu za mjini zililazimika kukubali kwamba mpira wa Uganda hauishii viwanja vya Kampala vya Nakivubo, Lugogo na Wankulukuku.

Vijana wako wana sababu ya kuogopa. Coffee iliwahi kuwa bingwa wa nchi, na leo ni wazee tu wanaoikumbuka. Uganda Commercial Bank nayo ilikuwa na timu yenye nguvu ikapotea. Lakini zile zilikuwa timu za waajiri, na mwajiri alipobadilika, hapakuwa na mtaa wala mji wa kuzichukua. Hiyo ni tofauti kubwa na ya kwenu.

Mfano ninaoupenda ni wa Hoima. Kitara, klabu ya huko, ilishuka daraja mwaka 2021. Ikakaa kwenye FUFA Big League, yaani ligi ya daraja la pili, ikacheza mechi ambazo magazeti hayakuzitolea picha, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2023, na mwaka 2024 ikatwaa Kombe la Uganda kwa kuifunga NEC katika fainali, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kutoka kushuka hadi kushika kombe ilikuwa miaka mitatu. Wako pia Express, ambao serikali ya Idi Amin iliivunja klabu yao mwaka 1977. Mashabiki wao hawakuwa na timu kabisa, achilia mbali daraja. Ilirudi baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1979, ikangoja hadi 1993 ndipo ikawa bingwa tena.

Kilichozirudisha timu hizi ni kwamba mechi za daraja la chini zilipata watu wa kuzitazama na watu wa kuzigharamia. Ukitaka kuwasaidia vijana wa Arua, Mwalimu, waambie wahesabu wenyewe ni wangapi wanaokwenda Green Light sasa, timu ikiwa daraja la chini, na wafanyabiashara wangapi wa sokoni wako tayari kulipa mafuta ya basi la timu kwenda ugenini. Safari ndefu za barabara ni mzigo mkubwa kwa klabu ya Arua kuliko kwa klabu ya Kampala, na hapo ndipo mchango mdogo wa watu wengi unapoonekana mara moja. Kama idadi hiyo bado ni nzuri, timu haijafa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bombo. Kijana wangu mkubwa anaujua mpira wa Uingereza hadi majina ya makipa wa akiba, lakini timu ya nchi yake ikicheza anasema ni kupoteza muda, kwa kuwa tunafungwa tu. Baba yake anakasirika. Nifanyeje wapatane?
Mama, Bombo

JIBU: Dada yangu, mwambie baba asigombane naye kwa sababu ya Uingereza. Kijana anayezijua mbinu za timu za mbali ana jicho la mpira tayari, na akipelekwa kwenye mechi ya hapa ataona mambo ambayo baba yake haoni. Kosa lake ni kudhani kwamba kungoja ni jambo la Waganda peke yao. Muulize Arsenal ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka gani mara ya mwisho kabla ya ile misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2022/23, iliyomaliza nafasi ya pili. Atakujibu 2004, mwaka uleule wa Villa, na bado mashabiki wake wamejaa vibandani kila wikendi hadi Bombo kwenyewe.

Halafu baba amsimulie Cranes, timu yetu ya taifa. Mwaka 1978 Uganda ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa 2-0 na Ghana, na Philip Omondi akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale. Uwanja wa Lugogo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Baada ya hapo tulingoja miaka 39, tukikosa nafasi mara nyingine kwa bao moja tu, hadi tuliporudi mwaka 2017, na mwaka 2019 tukavuka hatua ya makundi kabla ya Senegal kututoa kwa bao moja. Kijana wako hakuishi katika kungoja kule, kwa hiyo hajui tulikotoka.

Lakini hadithi peke yake haimtoshi kijana. Bombo si mbali na uwanja wa taifa wa Namboole. Cranes wakicheza nyumbani mchana, baba anunue tiketi mbili, waende wawili tu, na njiani amwombe kijana amweleze ni kwa nini safu yetu ya ushambuliaji haifungi. Amsikilize mpaka amalize, hata kama lawama zake ni kali, maana nyingi kati ya hizo zitakuwa za kweli.