Unapoanza kusoma hesabu za filamu ya mapigano

Wengi wanaoingia katika kazi hii huanza na hesabu ya kutoa: mauzo ya tiketi, toa bajeti, kinachobaki ni faida. Filamu imegharimu dola milioni 100, imeuza tiketi za milioni 250, basi studio, yaani kampuni iliyoigharimia filamu, imevuna 150. Hapana. Zile milioni 250 zimelipwa na watazamaji mlangoni, na mwenye ukumbi wa sinema hukata chake kwanza.

Tuipige hesabu hiyo taratibu. Nchini Marekani studio hubaki na takribani nusu ya mauzo, pengine zaidi kidogo kama kumbi zinaigombania filamu. Kwingineko wastani unaotumika ni kama asilimia 40. China, kwa filamu za kigeni zinazoingia kwa utaratibu wa kugawana mapato, ni asilimia 25. Sasa tuseme milioni 90 zimetoka Marekani, 60 China, 100 kwingineko. Studio inapata 45, 15 na 40. Jumla milioni 100, yaani imerudisha gharama ya kutengeneza, basi. Matangazo hujayagusa, nayo hayamo katika bajeti unayoisoma magazetini, ingawa kwa filamu kubwa yanaweza kufika nusu ya bajeti hiyo au kuipita.

Utasikia wazoefu wakisema filamu husimama, yaani hurudisha gharama zake, mauzo yakifika mara mbili na nusu ya bajeti. Mfano wetu umefika hapohapo na matangazo bado yanadaiwa. Kipimo hicho kinategemea kwamba video, televisheni na huduma za mtandaoni zitaziba pengo baadaye. Kitumie kukisia, usikitumie kuhukumu.

Bajeti nayo uishuku. Mad Max: Fury Road ya 2015 iliuza tiketi za takribani dola milioni 380, lakini gharama yake ilizua kesi Australia. Kampuni ya mwongozaji George Miller ilidai bonasi ya dola milioni 7 iliyoahidiwa endapo gharama halisi ingebaki chini ya milioni 157, studio ya Warner Bros. ikasema gharama ilifika milioni 185. Waliotengeneza filamu moja, wenye stakabadhi zote mkononi, hawakukubaliana imegharimu kiasi gani! Wewe uliyeikuta namba moja mtandaoni, uliza kwanza: ni kabla au baada ya ruzuku za serikali? Imejumlisha upigaji picha wa nyongeza? Nani aliyeitoa, na alinufaika vipi ikionekana ndogo au kubwa?

Upande wa hadithi ndogo ndogo za mafanikio kuna mtego wake. El Mariachi ya Robert Rodriguez husifiwa kwa kutengenezwa kwa dola 7,000. Ni kweli kwa kazi ya kupiga picha, ila studio iliyoinunua ilitumia fedha nyingi mno zaidi ya hizo kusafisha sauti na kuiandaa kwa kumbi za sinema. Kilichoonekana ukumbini hakikugharimu 7,000.

Ukipewa bajeti ya filamu ya mapigano, usikimbilie mshahara wa steringi. Tazama siku za kupiga picha. Pigano la dakika mbili linaweza kula wiki nzima: mazoezi, waigizaji mbadala wa matukio ya hatari, magari ya akiba, kikosi cha pili cha kamera, bima, madaktari wa zamu. Mvua ikinyesha siku moja, wote hao wanalipwa wakiwa wamekaa. Ndipo utaelewa kwa nini John Wick ya 2014, iliyoongozwa na watu waliokulia katika kazi ya matukio ya hatari, iliwezekana kwa dola milioni 20 hadi 30 na kuuza tiketi za takribani milioni 86. Mwigizaji aliyefundishwa vizuri hupigwa picha kwa mkupuo mrefu. Mipangilio ya kamera inapungua, na siku pia.

Uwiano nao hudanganya. The Terminator ya 1984 iligharimu takribani milioni 6.4 ikauza 78, kama mara 12. Filamu ya pili, ya 1991, iligharimu takribani 100 ikauza zaidi ya 500, kama mara tano. Mwanafunzi huipenda ya kwanza. Mwenye studio, nadhani, angechukua ya pili bila kufikiri mara mbili, maana madeni hulipwa kwa dola, hayalipwi kwa uwiano.

Na ukikutana na mkataba unaoahidi asilimia ya “faida halisi”, soma jinsi faida hiyo inavyokokotolewa: ada ya usambazaji, riba na gharama za ofisi hukatwa kabla.

Mwisho, andika tarehe kando ya kila hukumu unayotoa. Waterworld ya 1995 iligharimu takribani milioni 175, rekodi ya wakati huo, ikauza tiketi za 264 hivi. Kwa hesabu ya ukumbini ilikuwa hasara, na magazeti yaliizika hivyo. Kanda za video na haki za televisheni ziliendelea kuingiza fedha miaka kadhaa baadaye, na leo hutajwa miongoni mwa filamu zilizorudisha gharama zake.