Jiwe Lililolowa Si Jiwe Lililong'arishwa

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Chama chetu cha wapenda mawe kimeniomba nikae kwenye meza moja ya maonyesho ya kazi za mikono, niwaonyeshe wanaoanza jinsi ya kung'arisha mawe kwa mashine ya pipa, yaani pipa linalozunguka likiwa na mawe, maji na unga wa msasa. Mashine ninayo moja ndogo, na maonyesho ni ya siku moja tu. Mwenzangu anasema nizidishe unga wa msasa mara mbili, niruke hatua mbili za katikati, halafu jioni niyapake mawe vanishi kidogo ili watu waone matokeo. Mwingine anasema hata vanishi haihitajiki, mafuta ya kujipaka yanatosha. Je, kuna namna ya kufupisha kazi hii ili mtazamaji aondoke ameliona jiwe ghafi likigeuka kuwa jiwe linalong'aa?

JIBU: Marahaba. Namna hiyo haipo. Ningeweza kuishia hapo, lakini ushauri uliopewa na wenzako nakutana nao karibu kila penye maonyesho ya mawe: sahani ya mawe yaliyoloweshwa au kupakwa kitu, kibao kinachosema yameng'arishwa, na mtu anayeanza anarudi nyumbani akiamini kwamba mng'ao ni kitu cha kuongezwa juu ya jiwe. Ananunua mashine, anaisubiri wiki nzima, anatoa mawe, yakikauka yamefifia, naye anadhani amepunjwa. Kweli amepunjwa, ila si na mashine.

Mng'ao ni uso wa jiwe lenyewe, uliosawazishwa hadi mwanga unaoupiga urudi kwa pamoja. Uso wa jiwe ghafi umejaa mabonde na vilele vidogo mno, mwanga ukifika hapo unatawanyika ovyo, nasi tunaona weupe uliopauka. Ukilimwagia maji, mabonde yanajaa. Hewa ina uwezo wa kupinda mwanga wa 1, maji 1.33, kwatzi, madini magumu yaliyomo kwenye mawe mengi, kama 1.54. Kwa sababu namba ya maji inaikaribia ya jiwe kuliko ya hewa inavyoikaribia, mwanga unatawanyika kidogo, unaingia ndani, na rangi zinajitokeza. Vanishi na mafuta vinafanya kazi hiyohiyo. Vanishi nyingi zipo karibu na 1.5, yaani zinakaribia kabisa kwatzi, ndiyo maana zinadanganya jicho vizuri kuliko maji, tena hazikauki zikaondoka. Lakini chini ya vanishi kila mkwaruzo uko palepale ulipokuwa asubuhi. Hakuna kazi iliyofanyika.

Sasa hili la kuruka hatua, ambalo ndilo linalonikera zaidi, maana linatoka kwa watu wenye mashine na wanaopaswa kujua. Imani yao ni kwamba unga wa mwisho ndio "unaong'arisha", na hatua za kabla yake ni maandalizi tu, ukiyapunguza hudhuriki. Ukweli uko kinyume. Karibu kazi yote inafanywa na unga wa msasa, na kila hatua ina jukumu moja: kufuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia, na kuacha yake iliyo midogo zaidi. Unga hutajwa kwa namba, na namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo: hatua ya kwanza ni 60/90, kisha 120/220, kisha 500. Chembe kubwa za unga wa 60/90 zinafikia robo milimita hivi. Unga wa kung'arishia, tuseme oksidi ya alumini, una chembe za kama maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukitoka 60/90 ukarukia unga wa kung'arishia, ukaacha 120/220 na 500, umeiagiza chembe hiyo ndogo ichimbe jiwe zima lishuke hadi chini ya shimo kubwa mara nyingi kuliko yenyewe. Haitaweza, hata pipa likizunguka miezi. Itasugua vilele na kuacha mabonde. Utapata jiwe laini mkononi, lakini ukiliinamisha chini ya taa unaona ukungu, na ukiliangalia kwa lenzi unaona vishimo vimejaa unga mweupe ambao hautoki hata kwa mswaki.

Kuzidisha unga mara mbili nako hakuharakishi. Silikoni kabidi, ndiyo unga wenyewe wa msasa, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipatia hataza mwaka 1893, inasaga mawe magumu kwa sababu chembe zake zinavunjika zikitoa kingo mpya kali. Ili zivunjike lazima zibanwe kati ya jiwe na jiwe. Vijiko viwili vya chakula kwa kila nusu kilo ya mawe vinatosha hatua ya kwanza. Ukimimina vinne, tope linakuwa zito kabla ya wakati, mawe yanabebwa badala ya kubingirika, na baada ya wiki unafungua pipa unakuta unga mwingine bado mkali chini, umelala bila kazi. Unga huo usiotumika ukijificha kwenye ufa wa jiwe ukasafiri hadi hatua ya mwisho, chembe moja tu inaweza kuyakwaruza mawe yote pipani.

Na wale wanaosema uongeze mwendo wa pipa? Wanavunja mawe. Mwendo ukizidi, mawe yanapandishwa juu kabisa ya ukuta wa pipa na kuangushwa yakigongana, na kwatzi inatoka na nyufa ndogo zilizopinda kama mwezi mchanga. Nyufa hizo haziishi kwa unga wa mwisho. Unarudi mwanzo. Pipa lisilojazwa vya kutosha linaleta madhara yaleyale. Jaza theluthi mbili hadi robo tatu, maji yafike chini kidogo ya mawe ya juu, kisha sikiliza. Mlio unaotakiwa ni wa kuchakarika mfululizo, mzito, usiokatika. Ukisikia kitu kinagonga, simamisha, ongeza mawe madogo au vipande vya kauri.

Kwa maonyesho yako, basi, kazi inaanza wiki tano kabla. Chagua mawe ya aina moja au yanayolingana ugumu: akiki, yaspi, kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini, cha 1 hadi 10, alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812 hayo yote yako kwenye 7 au karibu yake. Marumaru na kalisaiti ziko kwenye 3, ukizitia pipa moja na yaspi utafungua na kukuta yaspi na tope. Kabla ya kutia jiwe usilolijua, likwaruze kwa ncha ya kisu cha chuma. Likichimbika, liweke kando. Kila hatua ikimalizika, toa mawe machache, yaoshe, yakaushe, uyaweke kwenye sahani yake. Siku ya maonyesho utakuwa na sahani tano mezani, kuanzia jiwe ghafi hadi jiwe lililokamilika, na mashine pembeni ikizunguka na mzigo wa hatua ya kwanza ili watu wasikie ule mlio. Kama maonyesho yako karibu kuliko wiki tano, azima sampuli kwa wanachama wenzako. Hakuna aibu katika kuazima, mradi kila sahani iseme ukweli.

Sahani zote ziwe kavu. Hili silegezi. Weka mezani kikombe cha maji na kitambaa, na somo lako kubwa la siku lifanyikie kwenye kiganja cha mgeni. Mpe jiwe la hatua ya kwanza, kavu, alishike. Dondosha matone mawili ya maji. Rangi itaruka, mistari ya akiki itaonekana, naye atasema, "Kumbe limeshang'aa!" Usimjibu. Mwache alishike hadi maji yakauke, alione likipauka mbele ya macho yake, kuanzia kwenye kingo kuingia katikati. Halafu mpe jiwe la sahani ya mwisho, kavu vilevile, mwambie atafute taa ya ukumbi juu ya uso wake. Kwenye jiwe lililokamilika ataona taa yenyewe, na kingo zake zimenyooka. Kwenye la hatua ya 500 ataona doa la mwanga lisilo na kingo. Mtu aliyeona hivyo hatadanganywa tena na sahani iliyoloweshwa, popote atakapokwenda.

Kwa kuwa pipa la mpira halionyeshi kilichomo, tafuta chupa ya plastiki angavu yenye mdomo mpana, weka mawe na maji bila unga, uizungushe kwa mikono ikiwa imelala. Watoto wataona namna mawe ya juu yanavyoteleza kwa pamoja kushuka, na kwamba usagaji unatokea kwenye ule mteremko tu, si pipa zima. Wapatie nao waizungushe. Kati ya hatua na hatua, waeleze habari ya kuosha: pipa, kifuniko, mawe, na mikono yako. Mwenye uwezo awe na pipa la pili la kung'arishia tu. Usimwage tope kwenye sinki la ukumbi, kwa sababu linatulia kwenye bomba na kuganda kama saruji. Liweke kwenye ndoo, litulie, maji ya juu uyamwage nje, tope uliache lishikane ulitupe na takataka. Na pipa lililofungwa usiliache juani, kwani baadhi ya mawe yanatoa gesi na kifuniko kinaweza kuruka.

Sasa niseme kuhusu vanishi kwa wote, si kwako peke yako. Kupaka jiwe vanishi na kumwambia mnunuzi kuwa limepakwa ni biashara halali. Kulipaka na kumwambia limeng'arishwa ni wizi, hata kama bei ni ndogo, hata kama mnunuzi ni mtoto. Mwenye shaka na jiwe aliangalie kwenye mashimo na pembe za ndani: vanishi inajikusanya hapo, wakati mwingine na kiputo cha hewa kimenaswa. Apitishe ncha ya sindano sehemu isiyoonekana. Kwatzi iliyong'arishwa kweli haichimbiki kwa sindano, labda ibaki na mstari mwembamba wa chuma unaofutika. Vanishi inachimbika mara moja. Asetoni kwenye pamba huondoa vanishi nyingi, ingawa zile za epoksi zinaistahimili, kwa hiyo sindano ndiyo shahidi mzuri zaidi.

Lakini kuna njia ya mkato iliyo mbaya kuliko vanishi, nami naiona ikisambaa kwa kasi: mtu asiye na subira ya hatua ya kwanza anachukua grenda, anasaga pembe za jiwe likiwa kavu, vumbi linapanda, kisha anatia pipani. Anasifiwa kwa kuokoa wiki mbili. Vumbi hilo ni silika, ndiyo kwatzi yenyewe iliyosagika. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, na zikikaa huko zinaleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hii kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1997. Australia, baada ya wakataji wa mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni kuugua wakiwa bado vijana, ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Hao walikuwa mafundi wa kazini, na kasoro kubwa ilikuwa ileile ya kukata na kusaga pakavu. Kitambaa puani hakisaidii. Barakoa ya kawaida haisaidii. Anayetaka kupunguza pembe za jiwe apate mashine ya kusaga au kukatia yenye maji yanayotiririka juu ya jiwe, akose hiyo, aliache pipa lifanye kazi yake.

Kwa hiyo meza yako isiwe na grenda, hata ya kuonyesha tu. Pipa ni salama kwa sababu kila kitu humo kimelowa, na kinabaki salama kikiendelea kulowa. Tope likimwagika mezani lifute hapohapo kwa kitambaa chenye maji, lisiachwe likauke watu wakapita wakilipeperusha kwa mikono ya nguo zao, wala lisifagiliwe likiwa kavu mwisho wa siku. Unga mkavu wa msasa upimie nyumbani, utie kwenye vikopo vyenye vifuniko, ufungue kimoja tu unapokitumia. Mgeni akikuuliza kama anaweza kuanza na grenda aliyonayo, mjibu hapana kabla hujamjibu lingine lolote, na umweleze sababu mbele ya wote waliosimama pale.