Maswali yenu kuhusu buti za ngozi za Wainuit

Niko Winnipeg, Kanada. Gambuti zangu hazipitishi maji hata tone, lakini miguu inakufa ganzi kwa baridi. Wainuit waliwezaje na ngozi tupu?

Pole sana ndugu yangu. Kinachokuumiza ni jasho. Mpira hauingizi maji, lakini jasho nalo halitoki, na soksi ikishalowa huna kinga tena. Kamik, buti la Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, kwa majira ya baridi kavu hushonwa kwa ngozi ya miguu ya karibuu, kulungu wa kaskazini, manyoya yakiwa hayajanyolewa. Ndani huvaliwa soksi ya manyoya. Jasho linapata pa kupitia, na buti likiwa laini na pana, vidole vinacheza na damu inatembea. Kila jioni huvuliwa na kuanikwa. Wewe unayejaza soksi tatu kwenye buti la kubana, acha leo hii.

Theluji ikiyeyuka je? Matundu ya sindano hayavuji?

Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wenyewe, ambao tangu zamani ni wanawake. Buti za maji ni za ngozi ya sili, mnyama wa baharini, iliyokwanguliwa manyoya na kuwambwa ikauke. Soli ni ya sili mwenye ndevu, maana ngozi yake ni nene. Sasa tazama mshono: kingo mbili hupandanishwa na kushonwa mara mbili, upande huu kisha upande ule. Kila mara sindano inapenya kipande kimoja na kupita ndani ya unene wa kile kingine bila kutokea ng'ambo, kwa hiyo hakuna tundu linalopenya vipande vyote viwili. Uzi ni kano za karibuu. Ukilowa unavimba na kuziba tundu lake mwenyewe. Penye vidole na kisigino, soli hukunjwa vikunjo vidogo vidogo vinavyolingana, na zamani vilibanwa kwa meno. Mwindaji alienda barafuni akiutegemea mkono wa mkewe au mama yake. Mshono ukiachia, vidole vinaganda.

Ni kweli walizitafuna?

Kweli. Soli ya sili ikikauka inakuwa ngumu kama ubao, ikatafunwa hadi ilainike. Meno ya bibi wengi yaliisha kwa kazi hiyo.

Nikizinunua Kanada, naweza kuingia nazo Marekani?

Za sili, hapana. Sheria ya Marekani ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini inakataza. Umoja wa Ulaya nao ulifunga soko la bidhaa za sili mwaka 2009, ila ukawaachia Wainuit mlango. Lakini hasara ilikuwa imeanza zamani: Ulaya ilipozuia ngozi za watoto weupe wa sili mwaka 1983, bei ya ngozi zote ilianguka, na Wainuit, ambao sili ni chakula chao na vazi lao, wakaumia pamoja na wengine. Kwangu hiyo si haki. Ukiwa Toronto, nenda Bata Shoe Museum, makumbusho ya viatu, ukazione kwa macho. Ukinunua, uliza jina la aliyeshona na kijiji chake.