Picha Zilizosimama: Ninavyoipima Anime ya Giza Yenye Bajeti Finyu

Kila nikimpendekezea mtu Berserk, anime (katuni ya Kijapani) ya televisheni ya mwaka 1997, malalamiko huja baada ya sehemu mbili au tatu: mbona picha zimeganda? Ni kweli, zimeganda. Guts, mhusika mkuu, anainua upanga, mwanga unakatiza kwenye skrini, kisha unaoneshwa mchoro mmoja wa askari walioanguka, kamera ikiupitia taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliyezoea anime za siku hizi, ambazo pigano linachorwa mpaka jasho linavyoruka, anahisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Naipenda sana kazi hii, na nimeirudia mara nyingi. Nikishauriwa na uzoefu huo, nasema usihesabu mwendo. Jiulize hicho kidogo walichokuwa nacho wamekitumia wapi.

Kwanza elewa kinachobana. Video inakwenda kwa fremu, yaani picha tuli, 24 kila sekunde. Anime za televisheni hushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo sekunde moja yenye mwendo inaweza kuhitaji michoro 8 hadi 12. Zidisha kwa dakika 22 za sehemu moja, unapita michoro elfu kumi, na wiki ijayo sehemu nyingine inasubiriwa. Hakuna studio ya televisheni inayofanya hivyo kila wiki. Ndiyo maana tangu mchoraji Osamu Tezuka aanze kurusha katuni yake ya televisheni Astro Boy mwaka 1963, wachoraji wa Japani wamejifunza kubana: mdomo tu ndio unaosogea, mchoro uliotumika jana unarudi leo, mandhari inavutwa nyuma ya mtu aliyesimama. Na mara nyingi kinachopungua ni muda na mikono ya watu kuliko fedha yenyewe, ingawa sisi watazamaji yote hayo tunayaita bajeti.

Sasa tazama Berserk ilivyobana. Ni sehemu 25 za studio ya OLM, mwongozaji Naohito Takahashi, wakati ambapo kazi bado ilikuwa ya rangi juu ya karatasi za plastiki. Mandhari zake zilisimamiwa na Shichiro Kobayashi, na hapo ndipo utaona mikono ya mabingwa: anga zito, kuta za mawe zilizochakaa, misitu ambayo giza lake lina tabaka. Kilele kikifika, mchoro wa kawaida unageuka kuwa mchoro wa rangi nzito wenye mikwaruzo, kama mchoraji ameamua kukaa nao usiku kucha. Hiyo si picha iliyoachwa kwa uvivu. Wamekukatalia mwendo ili uutazame uso.

Nikitaka kumthibitishia mtu, namwonesha tukio la theluji, Guts anapotaka kuondoka kwenye kikosi chao cha askari na Griffith, kiongozi wake, anamzuia kwa upanga. Wamesimama, upepo unavuma, wenzao wanatazama bila kuthubutu kusema. Pigano lote ni pigo moja: upanga wa Griffith unavunjika, na wa Guts unasimama begani kwake kabla haujakata. Ungewapa wachoraji fedha mara kumi, sidhani wangepaswa kuongeza chochote. Hadithi yenyewe inataka kimya, na umaskini wa mfululizo ukaangukia mahali pake. Vivyo hivyo usiku ule Guts na Casca, askari mwenzake, wakiwa kilimani, mioto ya kambi imetapakaa chini yao, na Guts anaeleza kwamba kila moto ni ndoto ndogo ya mtu. Ni watu wawili na mandhari moja. Nalitazama kila mara bila kugusa simu.

Basi kipimo changu cha kwanza ni hicho: picha ikisimama, je, hadithi nayo ilitaka kusimama? Kuna sehemu za Berserk ambako jibu ni hapana. Mapambano ya majeshi makubwa yanapwaya, farasi wanarudiarudia, na huwezi kujua nani yuko wapi. Hapo bajeti imewashinda, na ni haki kusema hivyo.

Kipimo cha pili ni masikio. Muziki wa Susumu Hirasawa unabeba nusu ya uzito wa mfululizo huu, na spika ya simu inauua kabisa. Vaa visikilizio.

Cha tatu nilikipata kwa kulinganisha. Berserk ilirudi televisheni mwaka 2016 na 2017, sehemu 24, ikiongozwa na Shin Itagaki, safari hii kwa sehemu kubwa wahusika wakiwa wa kompyuta. Inasogea kuliko ile ya kwanza. Kamera inazunguka, inaruka, inapiga mbizi. Lakini upanga wa Guts, ambao kwenye manga (kitabu cha katuni ambacho anime hii imetokana nacho) unaonekana kama bamba la chuma lisiloinulika, humo unapeperushwa kama hauna kilo. Nyayo hazikai ardhini. Giza lenyewe limejaa mistari inayocheza juu ya nyuso, jicho halipati pa kutulia. Fantasia ya giza inaishi kwa uzito: wa chuma, wa mwili, wa hofu. Ukikosekana, mwendo wote uliobaki ni kelele.

Jambo moja la kutofautisha: mwisho uliokatika hauoneshi kila mara kwamba fedha zilikwisha. Claymore, anime nyingine ya giza, ya studio ya Madhouse, 2007, ilijitungia mwisho wake kwa sababu manga ilikuwa bado inaendelea, ikaja kumalizika 2014. Rangi zake zilizofifia na ukimya wake bado vinastahili muda wako.

Kabla hujaanza Berserk, jua kwamba ni ya watu wazima. Tukio liitwalo Kupatwa kwa Jua, mwishoni, lina mauaji ya kikatili na ubakaji unaooneshwa. Usiiweke sebuleni watoto wakiwapo, na kama mambo hayo yanakuumiza, iache bila kujilaumu.

Sehemu ya kwanza inamwonesha Guts baada ya yote, kisha hadithi inarudi nyuma miaka mingi. Usiihukumu kwa hiyo peke yake. Vumilia mpaka Griffith na kikosi chake watokee na wakukae moyoni. Ukifika ya 25 utaachwa ukining'inia katikati ya maafa. Hapo chukua manga ya Kentaro Miura, na uanzie juzuu ya kwanza hata kama unadhani unaijua hadithi, maana mfululizo uliwaacha wahusika wawili, Puck na Shujaa wa Fuvu, na bila wao hutaelewa kinachofuata. Miura alifariki Mei 2021; tangu 2022 wasaidizi wake wa Studio Gaga wanaiendeleza, wakisimamiwa na rafiki yake Kouji Mori.