Nimekwama asilimia 62 kwenye mazoezi: nifanye mtihani wa wingu au nisubiri?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Najiandaa na mtihani wa AWS Certified Cloud Practitioner, cheti cha msingi cha AWS, huduma ya wingu ya Amazon inayokodisha kompyuta na hifadhi kwa mtandao. Sikusomea kompyuta, mimi ni mhasibu. Video zote nimemaliza na daftari limejaa maelezo ya huduma, lakini kila nikifanya mtihani wa mazoezi nagota kati ya asilimia 62 na 65. Nizidi kusoma au nijitose tu?

JIBU: Nzuri, karibu. Usijitose bado, ila video nazo ziweke kando. Aliyefika 62 huduma anazijua. Kinachomwangusha ni kuzitofautisha.

Mtihani huu ni nadra kukuuliza CloudTrail ni nini. Unakupa kisa: meneja anataka kujua nani aliifuta seva jana usiku. Kisha kwenye majibu unakuta CloudTrail, CloudWatch na Config zimepangwa pamoja. Ukiwa umeandika daftarini kwamba zote tatu ni za ufuatiliaji, hujakosea, lakini hapo maelezo hayo hayakusaidii kitu. CloudTrail huandika nani alifanya nini na lini. CloudWatch hupima hali: seva imeelemewa kiasi gani, kengele ilie wakati gani. Config hutunza historia ya mipangilio, yaani kitu fulani kilikuwaje wiki jana na leo kikoje. Jibu la swali lile limebebwa na neno moja tu, “nani”.

Kwa hiyo anza daftari jipya, la makosa. Kila swali ulilokosa, eleza kwa maneno yako kwa nini jibu ulilochagua si sahihi, na ni neno gani ndani ya swali lilipaswa kukugeuza. Kunakili jibu sahihi peke yake hakutoshi, kwa sababu kesho kisa kitabadilishwa na utarudi palepale. Kazi hii inachosha, najua, lakini sijaona njia nyingine inayomtoa mtu kwenye 60.

Nguvu nyingi zipeleke kwenye usalama, ambao ni asilimia 30 ya alama. Teknolojia na huduma zina 34, dhana za wingu 24, bei na malipo 12. Kwenye usalama kiini ni mgawanyo wa wajibu kati ya AWS na mteja, na watu hupotea hapa kwa kuukariri kama mpaka usiosogea. Mpaka unasogea kulingana na huduma. Chukua swali moja: nani anasasisha mfumo endeshi? Ukikodi seva ya EC2, ni wewe. Ukitumia hifadhidata ya RDS, ni AWS. Kwenye Lambda, ambako unaweka msimbo wako tu na AWS inauendesha, hata seva yenyewe huioni. Lakini kote kutatu, data ni yako, na kuamua nani aruhusiwe kuigusa ni juu yako. Ipitishe kila huduma unayosoma kwenye swali hilohilo.

Sehemu ya malipo, wewe mhasibu, isikupotezee alama hata moja. Pricing Calculator ni ya kukadiria kabla hujatumia, Cost Explorer ni ya kuchambua ulichokwisha kutumia, Budgets ni ya kukuonya unapokaribia kikomo. Ukiona ahadi ya mwaka 1 au 3, fikiria Reserved Instances au Savings Plans, yaani punguzo kwa anayeahidi kutumia kwa muda huo. Spot, yaani kukodi seva za AWS ambazo hazina mtumiaji kwa wakati huo, hushusha bei hadi asilimia 90, lakini AWS inaweza kuichukua seva yake kwa taarifa ya dakika 2, hivyo inafaa kwa kazi inayoweza kukatizwa na kuendelea baadaye.

Halafu shika kitu kwa mkono. Fungua akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, tengeneza onyo la bajeti kabla ya lolote lingine, kisha pakia faili kwenye S3, hifadhi ya faili ya AWS, washa seva ndogo ya EC2 na uifute. Jioni moja inatosha. Maswali yaliyovuja yanayouzwa mitandaoni usiyaguse: ukigundulika unaweza kunyang’anywa cheti, na nusu ya majibu yake huwezi kuyaamini.

Ukipata asilimia 80 mara mbili mfululizo, kwenye majaribio ambayo hukuwahi kuyaona, panga tarehe. Utakuta maswali 65 kwa dakika 90. Kati yake 15 hayahesabiwi, lakini hayana alama ya kuyatambulisha, kwa hiyo likija swali geni kabisa usivunjike moyo. Kufaulu ni 700 kati ya 1000, kwa kipimo kilichosawazishwa, basi usiisome kama asilimia 70 ya maswali. Si lazima ufaulu kila sehemu peke yake, na jibu baya halikatwi alama, hivyo usiache swali wazi. Ukianguka, unasubiri siku 14 na kulipa upya.

Na kwa kuwa Kiingereza si lugha yako ya kwanza, ukifanya mtihani kwa Kiingereza una haki ya kuomba dakika 30 za nyongeza. Ombi hilo liwasilishe kupitia akaunti yako ya vyeti kabla ya kupanga tarehe. Ukishapanga, mtihani huo hautaongezewa muda.