Kabla Hujaandika "Kaachiwa", Uliza Kaachiwa Vipi

Katika miaka niliyoandika habari za Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, maneno yaliyonitia uchungu kuliko yote ni haya: "Muuaji kafikishwa kortini, kakaa kimya, kumbe kweli kaua." Watu huyasambaza wakiamini kabisa. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, kwa hiyo hakimu humwambia mshtakiwa asijibu chochote, kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka. Kanyamaza kwa sababu kaambiwa anyamaze. Mama yake yuko nje ya geti, na simu yake tayari inamwonyesha mwanawe kaungama.

Jua kwanza mtu yuko hatua gani. Akiwa mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Muuaji, mwizi, mbakaji, hayo ni majina ya baada ya kutiwa hatiani. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inataka mtu asitendewe kama mkosaji mpaka hatia ithibitike.

Kinachozua uzushi zaidi ni kuachiwa. Akipata dhamana, utasikia "kahonga". Dhamana ni haki kwa makosa mengi, kesi inaendelea, na akitoroka wadhamini ndio watakaobanwa. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akiondoa shauri, mshtakiwa huachiwa lakini anaweza kushtakiwa upya; nimeona watu wakikamatwa tena palepale mahakamani, ndugu wakiwa wameshaanza vigelegele. Akionekana hana kesi ya kujibu, huyo kaachiwa huru kwelikweli: ushahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haukutosha hata kumfanya ajitetee. Mitandaoni wote hao watatu "wameachiwa", basi.

Jina la kosa nalo lina uzito. Aliyetishiwa panga akanyang'anywa simu, msiandike kaibiwa. Huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha: hauna dhamana, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Ugomvi wa baa ulioishia kwenye kifo unaweza kuwa kuua bila kukusudia, na hapo kunyongwa si adhabu yake.

Ukitaka uhakika, pata namba ya kesi, kisha muulize karani imepangwa kwa ajili gani. Ikiwa ni ya kutajwa, siku hiyo hakuna shahidi atakayesimama kizimbani, wala hakuna hukumu ya kutangaza.